Dhahabu Ndani ya TDR, Kobalti Ndani ya Mkojo

Ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wauguzi wa Lubumbashi wanakiita TDR, kwa kawaida ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, ila imetengenezwa kuwa chembe zenye upana wa nanometa 40 hivi; unene wa unywele mmoja unazidi chembe hiyo karibu mara elfu mbili. Ikiwa ndogo kiasi hicho, dhahabu haing'ai tena kwa umanjano. Inameza mwanga wa kijani na kuonekana nyekundu, jambo ambalo Michael Faraday alilieleza mwaka 1857.

Kila chembe imevishwa kingamwili zinazotambua HRP2, protini inayotolewa katika damu na vimelea vya Plasmodium falciparum. Damu ikisafiri juu ya utando wa kipimo, chembe zinainasa protini hiyo. Mbele zinakutana na kingamwili nyingine zilizogandishwa mahali pamoja, ambazo nazo zinaishika protini ileile. Chembe moja haionekani kwa macho. Zikirundikana nyingi sana, mstari unajitokeza, kwa dakika 15 au 20.

Mstari wa C, ule wa kuhakiki kipimo, usipotokea, kipimo kimeharibika na kirudiwe, hata kama mstari wa T, ule wa ugonjwa, umetoka. Tena HRP2 hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa juzi anaweza kutoa mstari mwekundu bila kuwa na malaria, kwa hiyo dalili zake ziangaliwe na damu itazamwe kwa darubini kabla ya kuongezewa dawa.

Kifaa cha namna hii ni bayosensa: kitu cha asili ya uhai kinatambua, na kitu kingine kinageuza utambuzi huo kuwa ishara. Katika kipimo cha sukari, kinachotambua ni kimeng'enya na ishara ni umeme. Wazo hilo lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962.

Sasa tuje kwenye tatizo ambalo halina TDR: sumu ya kobalti. Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, akiwemo Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa Katanga. Kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda, kobalti ilifikia viwango ambavyo havikuwa vimewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Mwaka 2020, utafiti mwingine uliofanywa Lubumbashi ulionyesha kwamba kuzaliwa na kasoro za mwili kulihusiana na baba kufanya kazi ya madini. Sidhani kuna kipimo ambacho mji huu unakihitaji kuliko cha kobalti katika mkojo, lakini ile mikojo ya utafiti wa 2009 ilibidi isafirishwe mpaka Ubelgiji.

Kwa nini isitumike njia ya TDR? Kwa sababu ioni ya kobalti ni ndogo mno: kingamwili mbili haziwezi kuishika kwa pamoja, moja huku na nyingine kule. Wanakemia wamepita njia nyingine. Wanavisha chembe za dhahabu molekuli zinazong'ang'ania metali. Ioni inaziunganisha chembe, na zikikusanyika rangi inahama kutoka nyekundu kwenda buluu. Mwaka 2003 Juewen Liu na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois walitumia mabadiliko hayo ya rangi, pamoja na DNA, kugundua risasi, ile metali yenye sumu.

Ugumu wa Lubumbashi uko kwenye mkojo wenyewe. Chumvi zake peke yake zinaweza kuzikusanya chembe na kuleta buluu ya uongo. Shaba na nikeli nazo hushikwa na molekuli nyingi zinazoshika kobalti, na hapa kwetu shaba haikosekani. Kipimo kilichofanya vizuri katika maji safi ya maabara kinatakiwa kijaribiwe kwa mikojo ya wakazi wa Ruashi na Katuba, komuni za mji huu, matokeo yalinganishwe na ya mashine kubwa za maabara, kabla mzazi hajaambiwa chochote.

Na kitapaswa kuwa cha bei nafuu, maana kitarudiwa mara kwa mara. Sehemu kubwa ya kobalti hutoka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo chupa moja ya mkojo inasimulia juma hilo tu. Mtoto anayecheza katika vumbi la Agosti anahitaji kupimwa tena mvua zikianza, kisha tena baada ya familia kubadilisha kisima, ili ijulikane kama sumu inamwingia kupitia hewa, maji au chakula.