Kungoja nyumba ya orodha au kupanga sasa?

Swali hili linatufikia karibu kila Jumapili baada ya ibada. Wanaouliza ni wale wanaoshuka kwenye treni kutoka Kasai, wanaofika kutoka Goma, Bukavu na Uvira, na pia vijana waliozaliwa hapa hapa wanaotaka kuoa. Wameambiwa kuna orodha ya nyumba za bei nafuu, jina likiandikwa watapigiwa kura. Je, wangoje, au watafute nyumba ya kupanga?

Juzi alituuliza baba mmoja mwenye watoto wanne. Wanalala kwa shemeji yake kule Katuba, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Ana dola 450 mkononi. Akizitoa zote kama malipo ya kwanza ya orodha, habaki na kitu. Akipanga, anaogopa kwamba fedha ya mwenye nyumba ni fedha iliyopotea.

Woga huo una mizizi katika mji wetu. Kwa miaka mingi hapa Lubumbashi nyumba ilikuja pamoja na kazi. Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, na Gécamines ikaendelea hivyo. Serikali ya wakoloni nayo iliunda mwaka 1952 ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika, na sehemu kubwa ya Ruashi ni kazi yake. Wazee wetu waliokulia katika nyumba hizo bado wanasema "nyumba itakuja". Lakini mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na tangu hapo mtu wa kawaida hujitafutia mwenyewe.

Kura za nyumba zipo kweli mahali pengine. Addis Ababa, Ethiopia, ina mpango wa nyumba za ghorofa tangu miaka ya 2000: mtu anajiandikisha, anaweka akiba benki, kisha kura inapigwa. Kuna waliojiandikisha mwaka 2005, wakarudia mwaka 2013, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wapangaji. Mwezi Julai 2022 kura ya nyumba zaidi ya 25,000 ilipigwa, halafu ikafutwa kwa sababu orodha ilikuwa imechezewa ndani ya kompyuta. Kenya nao wana mpango wao: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho, lakini kukatwa si kupewa nyumba. Na hiyo ni mipango ya serikali yenye sheria na benki nyuma yake.

Hapa kwetu, zinazoitwa kura mara nyingi ni orodha tu: ya mwajiri, ya ushirika, au ya mjenzi anayekusanya malipo ya kwanza kabla ya tofali moja kulala chini. Hatusemi zote ni za uongo. Tunasema uliza kwanza ardhi ni ya nani. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji anayoitoa konservateri. Karatasi ya shefu wa kartie haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Anayekusanya fedha akikosa kukuonyesha sertifika hiyo, au akikataa kuandika ni lini na kwa njia gani utarudishiwa fedha ukijitoa, basi hujaingia kwenye kura. Umemkopesha mtu usiyemjua.

Kupanga nako kuna hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanaumia kwa kutojua. Tuseme nyumba ni dola 80 kwa mwezi. Garanti ya miezi mitatu ni 240, mwezi wa kwanza 80, na komisyonere anataka mwezi mmoja, 80 nyingine. Jumla ni dola 400. Mwenye nyumba akidai garanti ya miezi sita inakuwa 640, na yule baba yetu hawezi tena. Lakini sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hawaifuati, na wapangaji wengi hawajawahi kuisikia. Itaje kwa upole, mbele ya shahidi. Tumeona bei ikishuka kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Mkataba uandikwe, upelekwe ofisi ya makazi kwenye komini. Siku ya kuingia, tembeeni pamoja chumba kwa chumba, muandike kila ufa na kila kioo kilichovunjika, msaini wote wawili. Bila karatasi hiyo garanti hairudi. Utaambiwa mlango uliuvunja wewe. Mkigombana, anzeni kwenye ofisi hiyo hiyo ya makazi kabla ya kufikiria mahakama.

Kwa hiyo tulimjibu hivi: apange sasa. Garanti ni fedha yake, itarudi akitunza karatasi. Orodha akiipenda, aandike jina pale ambapo kuandika ni bure, na asiache kutafuta parseli ndogo ya pembeni mwa mji ambayo watu wengi hapa hujenga polepole, chumba kimoja kwanza. Watoto wanne hawawezi kungoja kura katika vyumba viwili vya shemeji. Mkubwa tayari amekosa shule muhula mzima kwa sababu alisoma mbali na hakukuwa na fedha ya taksi.

Kusanyiko letu limeanza sanduku dogo la garanti. Familia inakopeshwa sehemu ya miezi mitatu, inarudisha kidogo kidogo ndani ya mwaka, bila faida. Familia mbili zimemaliza kulipa. Ya tatu imechelewa miezi miwili, na mashemasi hawajakubaliana kama wamdai baba huyo au wamngoje mpaka apate kazi. Yule baba wa Katuba ndiye wa nne kwenye mstari. Alipata nyumba Kampemba wiki iliyopita, garanti miezi mitatu, na mkataba umepelekwa komini.