Kufuli la Hesabu: Usimbaji wa Mafaili ya Kompyuta

Mwalimu wa sekondari wa mwambao wa Ziwa Nyasa, tuseme wa Liuli au Mbamba Bay, kompyuta yake iharibikapo huenda akalazimika kuipandisha milimani hadi Mbinga, pengine hata Songea, kwa fundi. Ndani yake mna alama za wanafunzi, namba za simu za wazazi, na labda maelezo ya mtoto aliyemjia faraghani kueleza anavyoonewa nyumbani. Tangu Mei 1, 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzilinda habari za namna hii si hiari tena.

Wengi hudhani kwamba neno la siri liandikwalo kompyuta inapowashwa latosha. Katika kompyuta nyingi neno hilo ni bawabu tu wa mlangoni. Mtu akiitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, huyasoma mafaili yote bila kumpitia bawabu huyo. (Mafundi wengi ni waaminifu; lakini mizigo huibwa hata stendi.) Kinachotakiwa ni kuyageuza maandishi yenyewe yasisomeke bila ufunguo. Kazi hiyo huitwa usimbaji.

Usimbaji ni wa kale. Julius Caesar wa Roma aliisogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Tukifanya hivyo kwa alfabeti ya herufi 26, jina MBAMBA huwa PEDPED. Mwanafunzi hodari atauona udhaifu wake papo hapo: kilichojirudia bado chajirudia. Kiswahili hasa hujisaliti upesi, kwani maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, na irabu a hutumika kuliko herufi nyingine yoyote. Akutaye ukurasa uliojaa D hana haja ya kubuni sana. Al-Kindi wa Baghdad aliieleza njia hii ya kuhesabu herufi tangu karne ya 9. Ni zoezi zuri la darasani, nalo halihitaji kompyuta.

Kanuni za leo hazina udhaifu huo. Ile iitwayo AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kukubaliwa rasmi nchini Marekani mwaka 2001, hutwaa baiti 16 kwa pamoja, ikazibadili, ikazihamisha na kuzichanganya na ufunguo. Kwa ufunguo wa biti 256 hurudia hivyo mizunguko 14. Ukibadili herufi moja tu, fungu zima la baiti hizo huvurugika. Kanuni yenyewe imechapishwa, kila mtu aweza kuisoma. Hilo si kosa: Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha Ufaransa, alikwisha kueleza mwaka 1883 kwamba siri iwe katika ufunguo, si katika mtambo. Ndiyo maana programu huria kama VeraCrypt, iliyotolewa mwaka 2013, haipungukiwi kwa kuwa ni ya bure na maandishi yake yako wazi. Wataalamu wa popote waweza kuyakagua.

VeraCrypt hutengeneza faili moja kubwa, mfano wa kasha. Mwenyewe akitoa neno la siri, kasha huonekana kama diski nyingine, naye hutia humo mafaili na makabrasha yake. Akilifunga, hubaki mrundikano wa baiti usio na maana. Likiwa wazi, bila shaka, halimlindi.

Basi kila kitu chategemea neno la siri. Tuchukulie kwamba mwizi hujaribu maneno 1,000 kwa sekunde. Tarakimu sita zina namna 1,000,000 tu; atazimaliza kwa dakika 17. Lakini maneno sita yaliyochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya maneno 2,000 yana namna 2,000 kwa kipeo cha 6, na kuzimaliza kwahitaji miaka bilioni mbili hivi. Kura ni lazima. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa hubuniwa na jirani yeyote.

Ukilisahau neno hilo, hata waliotengeneza programu hawawezi kukusaidia. Liandike karatasini, ulifungie mahali mbali na kompyuta. Weka nakala ya kasha katika diski nyingine, maana umeme hukatika, na ujaribu kuifungua kwenye kompyuta ya pili kabla hujayafuta mafaili ya awali. Kumbuka pia kwamba kufuta kwa kawaida mara nyingi huondoa jina tu, maandishi yakabaki diskini. Kwa hiyo mafaili mapya ni heri yaandikwe ndani ya kasha tangu mwanzo.