Usalama Shuleni: Kabla ya Hatari na Baada Yake

Leo tunazungumza juu ya usalama wa watoto wetu shuleni, na jinsi ya kuwasaidia baada ya hatari kupita.

Mnakumbuka Oktoba 2017. Watu wenye bunduki walivamia shule ya sekondari ya Lokichoggio usiku, wakaua wanafunzi 6 na mlinzi. Mwaka 2001, moto uliua wavulana 67 Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwaka 2024, watoto 21 walikufa kwa moto Endarasha, Nyeri.

Ndugu zangu, mpango hautungwi usiku wa hatari. Hutungwa mapema, mchana, watu wakiwa wametulia.

Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwekwe vyuma. Lakini kamati ya shule ijiulize pia: Nani anashika funguo usiku? Nani atapigia polisi simu? Orodha ya majina iko wapi? Watoto watakutana wapi? Msichague ukingo wa laga, kwa sababu mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla.

Jambo lingine: ishara ya moto na ishara ya wavamizi zisifanane. Moto unataka watoto watoke nje haraka. Risasi zikilia, mtoto alale chini, mbali na dirisha, anyamaze. Fanyeni zoezi kila muhula.

Je, baada ya hatari tufanye nini? Kwanza hesabuni watoto kwa majina. Tibuni majeraha, wapeni maji na mahali salama, waunganisheni na wazazi. Waambieni ukweli kwa maneno machache, maana uvumi huongeza hofu. Usimlazimishe mtoto kusimulia. Akitaka kusema, msikilize. Usimwambie, "Nyamaza, wewe ni mwanaume."

Siku zinazofuata unaweza kuona ndoto za kutisha, kukojoa kitandani, kushtuka ovyo, kuumwa tumbo au kichwa bila ugonjwa, au kukataa shule. Hii si laana wala wazimu. Ni mwili bado unaogopa. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Kambini Kakuma kuna watoto waliokimbia vita. Mlango ukigongwa kwa nguvu tu, mtoto kama huyo anaweza kukumbuka yaliyompata kwao. Mwalimu asimchape kwa kujificha chini ya dawati.

Dawa kubwa ni kurudisha maisha ya kawaida: chakula kwa wakati, masomo, mpira, maombi. Walimu nao wapumzike na wasikilizwe, kwani nao wameumia.

Mwezi ukipita na mtoto hajapata nafuu, mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar. Akisema anataka kufa, usingoje hata siku moja, wala usimwache peke yake. Unaweza pia kupiga simu 116, ni bure.

Mzazi, ukifika shuleni muhula huu, pamoja na karo uliza swali moja: usiku, funguo za bweni zinashikwa na nani?