Daftari Lisilofutika: Taarifa Zako Binafsi na Utawala wa Mitandao ya Blokucheni

Katika mji wa Usa River na maeneo yanayouzunguka, kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai, wananchi wengi hujipatia kipato kutokana na utalii, kilimo cha maua na mboga, pamoja na biashara ya mazao. Shughuli hizo huwakutanisha na wageni, na wakati mwingine na malipo yanayotoka nje ya nchi. Ndiyo sababu maneno kama sarafu mtandao, tokeni na pochi ya kidijitali si mageni tena masikioni mwa wengi. Maneno hayo aghalabu huambatana na ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba mtandao huo ni wa siri, hivyo hakuna atakayejua mambo yako. Ya pili ni kwamba hauna bosi, hivyo hakuna atakayekuonea. Katika makala haya tunaeleza ni kwa kiasi gani kila ahadi ni ya kweli, na ni mambo gani mtumiaji ayazingatie kabla ya kutoa jina lake, alama za vidole, picha ya uso au fedha zake.

Blokucheni ni nini?

Wasomaji wetu wengi ni wanachama wa VICOBA au vikundi vingine vya kuweka na kukopa. Katika vikundi hivyo, ni kawaida fedha kutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake kushikwa na watu watatu tofauti. Hesabu husomwa mbele ya wanachama wote, ili mtu mmoja asipate nafasi ya kubadili daftari akiwa peke yake.

Blokucheni imejengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo. Ni daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake zimehifadhiwa katika kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani. Miamala mipya hukusanywa katika kurasa zinazoitwa bloku, na kila bloku hubeba alama ya kihesabu inayotokana na bloku iliyoitangulia. Mtu akibadili tarakimu moja katika ukurasa wa zamani, alama za kurasa zinazofuata hazitalingana tena, na kompyuta nyingine zitaikataa nakala yake. Mtandao wa Bitcoin, ambao ndio uliotangulia kuipa njia hii umaarufu, ulielezwa katika andiko la Oktoba 2008 na kuanza kufanya kazi Januari 2009.

Hata hivyo, tofauti kati ya blokucheni na kikundi ni kubwa. Daftari la kikundi husomwa na watu wanaofahamiana kwa sura, na likikosewa husahihishwa kikaoni. Daftari la Bitcoin linaweza kusomwa na mtu yeyote duniani mwenye intaneti, na kilichokwisha kuandikwa humo hakiondolewi.

Je, mtandao huu ni wa siri?

Anayetumia mitandao kama Bitcoin au Ethereum hatambulishwi kwa jina bali kwa anwani, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kwa kuwa jina halionekani, watu hudhani kuwa hawajulikani. Usahihi ni kwamba anwani ni jina la kupanga. Hukuficha hadi siku itakapounganishwa nawe. Baada ya hapo, hukufichua kwa yote uliyoyafanya nyuma na utakayoyafanya mbele kupitia anwani hiyo.

Tuchukue mfano wa mpagazi anayepandisha wageni Mlima Meru. Mgeni anapenda kumpa bahshishi kwa sarafu mtandao, naye anaweka anwani yake kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii ili wengine nao waitumie. Kuanzia siku hiyo, mgeni, mwajiri, jirani au mhalifu anaweza kuifungua anwani hiyo katika tovuti za wazi zinazoonyesha miamala, na kuona kiasi kilichoingia, kilichotoka, tarehe na saa. Salio la simu yake ya mkononi halionekani kwa mpita njia. Salio la anwani hiyo linaonekana. Mpagazi huyo hakudukuliwa wala hakuibiwa chochote. Ametoa mwenyewe kiungo kilichokuwa kimekosekana kati ya jina lake na daftari.

Kumbukumbu hizo hazichakai. Mwaka 2016 wezi walichukua takribani bitcoin 120,000 kutoka soko la mtandaoni la Bitfinex. Februari 2022, miaka zaidi ya mitano baadaye, mamlaka za Marekani zilitangaza kukamata zaidi ya bitcoin 94,000 kati ya hizo baada ya kufuatilia nyayo za miamala katika daftari la wazi. Njia iliyowasaidia wapelelezi kumfikia mhalifu iko wazi pia kwa mtu mwenye nia mbaya anayetaka kumfikia raia mwema.

Nani anautawala mtandao usio na bosi?

Ni kweli kwamba mitandao hii haina mkurugenzi wala makao makuu. Lakini kukosa bosi si kukosa utawala. Kuna wanaoandika programu, kuna wenye kompyuta zinazothibitisha miamala, na katika mitandao mingi kuna wenye tokeni ambao hupiga kura kuhusu mabadiliko. Katika kikundi cha kijamii, desturi ni mwanachama mmoja kura moja. Katika kura nyingi za tokeni, mwenye tokeni elfu moja ana kura elfu moja. Ugatuzi wa kompyuta, kwa hiyo, si sawa na usawa wa sauti.

Tukio la mwaka 2016 katika mtandao wa Ethereum linaonyesha jambo hili vizuri. Mfuko wa pamoja uliojulikana kama The DAO uliendeshwa na programu pekee, bila meneja. Juni mwaka huo mtu mmoja alitumia kasoro ya programu hiyo na kuhamisha takribani ether milioni 3.6. Kwa kuwa hapakuwa na mwenyekiti wala hakimu wa kuamua, watumiaji waligawanyika. Wengi walikubali kubadili kanuni ili fedha zirudi kwa wenyewe. Wengine walisema daftari lisiguswe kwa sababu yoyote. Julai 20, 2016 mtandao ulipasuka na kuwa miwili, Ethereum na Ethereum Classic, na yote miwili ipo hadi sasa. Somo kwa mtumiaji ni kwamba daftari lisilobadilika lilibadilishwa kwa sababu wenye nguvu ya kutosha walitaka hivyo. Mtumiaji mdogo aliyepoteza kiasi kidogo hawezi kutarajia kwamba mtandao mzima utasimama kwa ajili yake.

Kwa mwananchi wa kawaida, athari huonekana katika mambo madogo. Ukituma fedha kwa namba isiyo sahihi kupitia simu, unampigia mtoa huduma na kuomba muamala usitishwe. Ukituma sarafu kwa anwani isiyo sahihi, hakuna wa kumpigia. Ukisahau namba ya siri ya benki, utapewa nyingine baada ya kujitambulisha. Ukipoteza ufunguo wa siri wa pochi unayoitunza mwenyewe, mali yako itaendelea kuonekana katika daftari, lakini hutaweza kuigusa.

Aidha, si kila kinachoitwa blokucheni ni blokucheni. Mpango wa OneCoin, ulioanza mwaka 2014 na kuwafikia pia wananchi wa Uganda, uliuzwa kama sarafu mtandao ilhali haukuwa na daftari la wazi ambalo mtu angeweza kulikagua. Bei ilipangwa na waendeshaji wenyewe, na faida ilitegemea kuingiza watu wapya. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017.

Funzo kutoka Nairobi

Mwishoni mwa Julai 2023, mradi wa Worldcoin ulizinduliwa rasmi katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Mtu aliyekubali mboni ya jicho lake ipigwe picha kwa kifaa maalumu aliahidiwa tokeni ambazo kwa wakati huo zilikuwa na thamani ya takribani shilingi 7,000 za Kenya. Maelfu walipanga foleni jijini Nairobi. Tarehe 2 Agosti 2023 Serikali ya Kenya ilisitisha shughuli hizo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba taarifa hizo za kibayometriki zilikusanywa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari haikufanyika ipasavyo na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Iliamuru taarifa hizo zifutwe chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa.

Tunaitaja kesi hii kwa sababu mbili. Kwanza, namba ya siri ikivuja hubadilishwa. Mboni ya jicho haibadilishwi. Pili, mahakama iliweza kutoa amri kwa sababu kulikuwa na wa kuamriwa. Mradi ulijinadi kwa lugha ya mtandao usiomilikiwa na mtu, lakini waliokusanya picha za macho walikuwa kampuni zinazotambulika kisheria. Haki ya mtumiaji huhitaji mtu wa kumdai, na mtu huyo hupatikana mlangoni, yaani kwenye programu, soko la mtandaoni au wakala aliyekuingiza.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Taarifa za kibayometriki na za miamala ya fedha za mtu huhesabiwa kuwa nyeti. Mwananchi ana haki ya kufahamu taarifa zake zinazochakatwa, kupinga uchakataji unaoweza kumdhuru, kuomba taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe, na kudai fidia anapopata madhara.

Haki ya kufutiwa taarifa haitekelezeki kwa urahisi dhidi ya daftari lisilofutika. Kwa sababu hiyo, mtoa huduma makini haandiki jina, namba ya kitambulisho wala picha ya mteja katika blokucheni. Huvitunza katika hifadhi yake mwenyewe, ambamo vinaweza kufutwa.

Kuhusu fedha, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu mtandao hazitambuliwi kuwa fedha halali nchini. Kuanzia Julai 1, 2024, Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi kusitafsiriwe kuwa ni dhamana ya Serikali juu ya mali hizo.

Mtumiaji azingatie yafuatayo

1. Uliza jina la kampuni inayokusanya taarifa zako, mahali ilipo, na kama imesajiliwa na Tume. Asiyeweza kujibu asipewe taarifa.

2. Usitoe alama za vidole, picha ya uso au ya jicho kwa sababu tu umeahidiwa tokeni au zawadi.

3. Uliza taarifa gani zitaandikwa katika blokucheni na zipi zitatunzwa nje yake. Zitakazoandikwa, zihesabu kuwa hazitafutika.

4. Usitangaze anwani yako hadharani pamoja na jina lako. Usitumie anwani moja kwa malipo yote.

5. Maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi yaandikwe kwenye karatasi na kutunzwa kama hati ya kiwanja. Usiyapige picha, na usimtajie mtu anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja.

6. Kabla ya kutuma kiasi kikubwa, tuma kwanza kiasi kidogo na uthibitishe kuwa kimefika.

7. Ukielezwa kuwa faida itategemea watu utakaowaingiza, jiondoe.

8. Usiweke katika mali hizi ada ya shule, mtaji wa duka au fedha za kikundi. Fedha za kikundi ni za wanachama wote, na kiongozi hana mamlaka ya kuzihamisha bila uamuzi wa kikao.

Mwananchi anayeamini kuwa taarifa zake zimekusanywa au kutumiwa isivyo halali awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ujumbe wa kitapeli uliopokelewa kwa simu utumwe, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu mapema iwezekanavyo, akiwa na anwani zilizotumika, tarehe za miamala na nakala za mawasiliano. Daftari la wazi linalohatarisha faragha yako ndilo pia litakalowasaidia wapelelezi kufuatilia fedha zako, mradi wapewe mahali pa kuanzia.