Mazoea ya kutuliza nafsi

Mazoea ya kutuliza nafsi ni matendo madogo ambayo mtu huyarudia kwa hiari yake ili kupunguza msongo wa mawazo, kurudisha nguvu za mwili na akili, na kujijengea ustahimilivu, yaani uwezo wa kupita katika shida bila kuvunjika. Hutofautiana kati ya mtu na mtu: kinachompumzisha mmoja kinaweza kumchosha mwingine.

Msongo mwilini

Mtu anapokabiliwa na hatari au jambo zito, ubongo husababisha tezi za adrenali, zilizo juu ya mafigo, kutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga haraka, sukari katika damu hupanda na misuli hukaza. Kwa muda mfupi hali hiyo ina faida, kwa kuwa humwezesha mtu kupambana au kukimbia. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya kazi nchini Kanada, alieleza kwamba mwili huitikia madhara ya aina nyingi kwa namna inayofanana, na kwamba ukibanwa muda mrefu huishiwa nguvu.

Madeni, karo, ugonjwa wa ndugu au mavuno mabaya huweza kumbana mtu kwa miezi. Ishara zake ni pamoja na kukosa usingizi, kuumwa kichwa, hasira za haraka, kusahau na kubadilika kwa hamu ya chakula. Wengi husema tu "nina mawazo", wasione kwamba ni suala la afya.

Kupata zoea linalofaa

Pumziko zuri hurudisha kile ambacho siku imekitoa. Mfano ni Mombo, mji mdogo wa Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, ambapo barabara ya Lushoto inaachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mfanyabiashara anayehudumia abiria wa mabasi hushinda katika kelele, hivyo huenda akahitaji nusu saa ya ukimya. Mkulima aliyeshinda peke yake shambani huenda akahitaji mazungumzo barazani. Karani aliyekaa kutwa hufaidika zaidi na kutembea.

Baadhi ya mazoea yanayotumiwa na wengi ni:
- kupumua polepole, pumzi ikitolewa kwa muda mrefu kuliko ilivyovutwa, jambo linalosaidia mapigo ya moyo kutulia;
- kazi za mikono, kama vile kusuka ukili, kushona au kutunza bustani;
- sala, dhikri au kuimba kwaya;
- kutembea na kucheza michezo;
- kulala na kuamka kwa saa zilezile.

Ni rahisi zaidi kudumu na zoea moja dogo lililofungamanishwa na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile baada ya kuoga jioni. Baada ya wiki mbili hivi mtu huangalia kama usingizi na hasira vimebadilika. La sivyo, hujaribu lingine. Pombe haifai kwa kazi hii: huleta usingizi haraka, lakini huuharibu usiku unapoendelea.

Mifano ya Afrika

Katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe, milimani Usambara, kuna Hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa na wamisionari Wajerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi za shamba, zikiwemo za chai, pamoja na ufundi wa mikono zimekuwa sehemu ya matibabu yake.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki. Bibi waliopewa mafunzo huketi na mwenye mawazo, humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja na hatua ya kwanza ya kulitatua. Baadaye mpango huo ulifika Malawi na Zanzibar.

Mipaka

Kutuliza nafsi hakuondoi chanzo cha msongo. Deni hubaki deni, ila mtu aliyelala vizuri huweza kupanga namna ya kulilipa. Vilevile mazoea hayo si badala ya matibabu. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, mtu akishindwa kazi zake za kawaida, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anapaswa kufika katika kituo cha afya. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali mara moja.