Kung'oa kisiki kwa winchi ya gari: kabla hujamwita jirani mwenye Land Cruiser

Kisiki cha mwembe kilichokaa uwanjani miaka kumi hakimsumbui mtu mpaka siku anapotaka kuchimba msingi wa nyumba. Zamani hapo ilikuwa kazi ya shoka, sururu na vijana wa jirani kwa siku mbili au tatu. Siku hizi vijiji vingi vina mtu mwenye Land Cruiser au Land Rover yenye winchi kwenye bampa la mbele. Mnakubaliana, unaweka mafuta, gari linakuja, waya unafungwa, na nusu ya kijiji inatoka kutazama.

Hao watazamaji ndio wa kwanza kushughulikiwa. Waya wa chuma uliokazwa unabeba nguvu ndani yake, kama upinde uliovutwa. Ukikatika, au cheni ikichomoka kwenye kisiki, nguvu hiyo hutoka yote kwa mara moja, na ncha ya waya hurudi kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuikwepa. Inavunja mguu, inapasua kioo, inaua. Kwa hiyo kama umetoa waya mita 20, watu wote wakae mbali zaidi ya mita 20, watoto wakiwemo, na kuku waachwe walipo. Asiwepo wa kuruka waya wala wa kusimama nje ya gari ukivuta, isipokuwa mmoja wa kutoa ishara kwa dereva, naye akae mbali kwa upande.

Tupia kitu kizito katikati ya waya kabla ya kuvuta: gunia lenye mchanga kidogo, au blanketi nene lililoloweshwa maji. Waya ukikatika, uzito huo huushusha chini. Boneti ya gari ikifunguliwa nayo humkinga dereva. Vaa glavu za ngozi, maana nyuzi za waya uliochakaa huchoma kama sindano, na usiongoze waya kwa mkono wakati ngoma ya winchi inazunguka. Kidole kikinaswa hapo hakitoki salama.

Sasa kisiki chenyewe. Wengi hudhani kwamba kama kisiki kina uzito wa kilo 300, winchi ya tani nne itakicheka. Lakini hapo huvuti uzito wa kisiki, unavuta mizizi iliyoshika ardhi, na mizizi ya mwembe haina mzaha. Chimba kukizunguka, kata mizizi mikubwa kwa shoka, mwagia maji siku moja kabla kama udongo ni mgumu. Ukiruka hatua hii, winchi haitang'oa kisiki, bali gari ndilo litakalokokotwa kukifuata. Weka mawe makubwa au magogo mbele ya matairi, na breki ya mkono iwe imekazwa.

Usizungushe waya wa winchi kwenye kisiki kisha ukaukamata kwa ndoano yake mwenyewe, maana hapo waya hupinda na nyuzi hukatika. Funga kisiki kwa cheni imara, halafu ndoano ikamate cheni. Ifunge juu kidogo ya ardhi, ili kisiki kipinduke kama meno ya tembo yakinyanyuliwa, badala ya kukokotwa kimesimama. Kwa mti hai unaotumia kama nguzo, tumia mkanda mpana, usije ukakata gome lake.

Jambo moja ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau: ile namba iliyoandikwa kwenye winchi, kwa mfano paundi 9,500, yaani kama kilo 4,300, ni nguvu yake ngoma ikiwa na safu moja tu ya waya. Kila safu inapoongezeka nguvu hupungua, na ngoma ikijaa winchi hupoteza theluthi nzima au zaidi. Ndiyo maana ni vizuri gari lisimame mbali na waya utoke mwingi. Lakini usiutoe wote. Bakiza angalau mizunguko mitano kwenye ngoma, kwa sababu ndiyo inayoshikilia mzigo. Kile kibolti cha mwisho hakina uwezo huo.

Kama nguvu haitoshi, kuna kapi. Funga kapi kwenye kisiki, pitisha waya, kisha rudisha ncha yake uifunge kwenye mti imara ulio karibu na gari. Kisiki kitavutwa kwa nguvu karibu mara mbili, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Ncha ukiifunga kwenye gari lenyewe, gari nalo litavutwa mara mbili. Kapi hutumika pia pale gari lisipoweza kusimama sambamba na mzigo. Hapo angalia mti unaoibeba: waya ukikunja kona kamili, mti huo hubeba karibu mara moja na nusu ya nguvu ya waya. Mpapai haufai.

Mizigo mingine ni rahisi kuliko kisiki. Mashine ya kusaga au jiwe kubwa ukiliweka juu ya magogo mviringo au vipande vya bomba, litahitaji nguvu ndogo sana kuliko kukokotwa juu ya udongo. Kwenye mteremko weka mawe nyuma yake kila hatua.

Ila usinyanyue kitu juu kwa winchi ya gari, na usimshushe mtu kisimani kwayo, hata kwa dakika moja. Breki yake imetengenezwa kwa kuvuta ardhini, si kushikilia kilichoning'inia.

Vuta kwa vipindi vifupi, injini ya gari ikiwaka, kwa kuwa winchi ya umeme hula betri vibaya. Mota ikiwa moto mkononi, pumzika. Kazi ikiisha, rudisha waya taratibu huku una mzigo mwepesi, ili ujipange vizuri kwenye ngoma kwa safari ijayo.