Tiba ya Mkono: Useme Kweli, Usikilizwe

Kano ya kidole iliyokatwa kwa kisu au panga haiponi siku inaposhonwa hospitalini. Kwa kawaida mgonjwa huvaa banzi, kifaa kinachoushikilia mkono usijikunje vibaya, kwa muda wa wiki 6 hivi. Kazi nzito huruhusiwa yapata wiki 12 baada ya upasuaji. Katika kipindi hicho mtaalamu wa tiba ya mkono humwongoza kwa mazoezi. Vidole visipochezeshwa hukakamaa. Vikikazwa mapema mno, kano huweza kukatika tena.

Mazoezi mengi hufanyika nyumbani, mtaalamu asipokuwapo. Kwa hiyo maelewano baina yenu ni sehemu ya tiba yenyewe. Mama aliyevua banzi ili afue nguo za mtoto, kisha akaogopa kukaripiwa, atanyamaza. Mtaalamu naye, kwa kutojua, aweza kumpa zoezi lisilofaa. Mtaalamu mwenye weledi huuliza kwa upole, hupokea ukweli bila kumfedhehesha mgonjwa, kisha huurekebisha mpango uafikiane na maisha yake.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na ya maelezo anayoyahitaji ili kufaidika nayo. Twakushauri utarajie mambo haya:

• Leseni. Wataalamu wa fiziotherapia husimamiwa na sheria ya mwaka 2014, na wa tibakazi na sheria ya mwaka 2017. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu.

• Maelezo. Uambiwe lengo la kila zoezi, idadi ya ziara zinazokadiriwa, na gharama yake kabla ya kuanza.

• Ridhaa. Mkono wenye maumivu usishikwe wala kunyooshwa kabla hujaelezwa na kukubali. Ukisema basi, mtaalamu asite.

• Siri. Habari za jeraha lako zisizungumzwe mbele ya wagonjwa wengine, wala picha ya mkono wako isisambazwe bila idhini yako.

• Mipaka. Uchangamfu ni mwema, lakini usigeuzwe njia ya kukuuzia vifaa usivyovihitaji. Jihadhari pia na anayekuahidi kwamba mkono utarudi kama zamani bila shaka yoyote.

Nawe unao wajibu: fika kwa wakati, na useme waziwazi mazoezi uliyoyaacha na sababu yake. Ukihisi kano imeachia ghafla, au kidole kimekataa kujikunja, usingoje siku ya miadi. Rudi hospitalini mara moja.

Usiporidhika, zungumza kwanza na mtaalamu mwenyewe, kisha uongozi wa kliniki. Pasipopatikana suluhisho, andikia baraza linalosajili taaluma yake, ukiambatisha stakabadhi na tarehe za ziara zako.